Kiko cha Baba nimekiosha kwa sabuni

Jamani, leo nimefanya usafi, na msamaha wake sijui nitauombaje.

Mama katoka eda asubuhi hii. Miezi minne na siku kumi, kwa ajili ya Baba.

Nikatoka Dar alfajiri, nikafika nyumbani Dunda, nikasema nyumba lazima ing'are. Nikafua mapazia. Nikafukiza udi.

Chini ya mto wa Mama nikakuta kiko cha Baba, kile cha mrija mrefu kama mkono.

Mliomjua mnakikumbuka. Alikuwa akisema mrija mrefu unapoza moshi na hauchomi macho. Ila huwezi kutembea nacho, lazima ukae. Basi kila baada ya Alasiri walikaa barazani yeye na Mama, anavuta, anakohoa, kanzu zimejaa matundu ya cheche.

Aliyelalamikia harufu kuliko wote ni mimi.

Nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto. Nikapitisha waya kwenye mrija mpaka maji yakatoka safi. Nikajisifu kabisa!

Mama alipotoka kuoga nikampa.

Akakipeleka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Hakinuki," akasema.

"Ndiyo Mama, nimekiosha vizuri."

Hakunifokea. Bora angefoka.

"Mwanangu, baba yako si tulishamwosha?"

Ndugu zangu mliogawiwa nguo zake, kama kuna ambayo bado haijafuliwa, niambieni. Naifuata sasa hivi, hata iwe Ubena.