Kijiti cha Msalaba

Nakumbuka, mjukuu wangu, Jumapili moja kule Nanganga, kanisa zima liliponyamaza hata mtoto wa mgongoni akaacha kulia. Nimezika mume na nimezika ndugu, lakini mshtuko kama ule sijaupata tena. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukibishana na mama yako juu ya masalia ya mtakatifu yaliyoletwa parokiani, wewe ukisema sayansi imeshamaliza maneno, yeye akisema utalaaniwa. Mimi niliendelea kumenya mihogo yangu. Leo ni zamu yangu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa dini. Kanisani kwetu kulikuwa na kijisanduku chenye kioo, na ndani yake kijiti kifupi kuliko kidole chako. Mapadre wa zamani walikuja nacho kutoka kwao, wakasema ni kipande cha Msalaba wenyewe wa Bwana wetu. Mapadre walikiita masalia. Jirani yetu Bi Somoe, Mwislamu na mtu wa utani, hakuchoka kuniuliza, "Masalia ya nini, binti? Ya ubwabwa?" Tulicheka naye, lakini kijiti tulikiheshimu sana. Ijumaa Kuu tulikibusu, na mtu akiugua Baba alikipeleka nyumbani kwake, akakiweka kifuani pa mgonjwa na kusali.

Enzi hizo Wazungu walikuwa wanafyeka pori la Nachingwea ili walime karanga, na kaka yangu Gervasi alipata kazi huko. Alikuwa msaidizi wa Bwana Miti, Mzungu aliyechunguza miti ya pori kwa hadubini. Alikuwa akirudi nyumbani na kaptula iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na humuwezi kwa maneno.

"Baba, mti ukikatwa mwembamba na kutazamwa kwenye hadubini unajulikana ni mti gani," alisema siku moja tukila. "Tukipime kile kijiti."

"Imani haipimwi, Gervasi."

"Sijasema tupime imani, Baba. Nimesema mti."

Baba alinawa mikono chakula kikiwa bado, akatoka. Nilidhani amekasirika.

Ubishi ule ulimfikia Padre, kijana aliyekuwa mgeni kwetu. Yeye hakuudhika hata kidogo. Alisema kijiti kama ni cha kweli hakina sababu ya kuogopa hadubini, na kama si cha kweli, yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua. Gervasi mwenyewe ndiye aliyekikwangua kwa wembe, sisi tukitazama, kisha wakapanda pikipiki ya misheni kwenda Nachingwea.

Basi Jumapili ile, Misa ilipokwisha, Padre akasimama mbele yetu. Akasema, "Bwana Miti ametazama mara mbili. Mti huu haukutoka Yerusalemu. Ni mninga."

Mninga, mwanangu. Milango yetu ilikuwa ya mninga. Vitanda vyetu vilikuwa vya mninga. Mama mmoja kando yangu alishika ncha ya kanga akajifuta midomo, akajifuta tena.

Gervasi alikuwa nyuma, karibu na mlango. "Nilisema," akasema kwa sauti, huku anacheka. "Mapadre wametudanganya miaka yote hii." Wanaume wakaanza kuinuka kumwelekea Padre, naye maskini hata yeye alikuwa amedanganywa.

Ndipo Baba akasimama. "Mwacheni Padre. Ni mimi."

Alieleza polepole. Katika ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza, mapadre walipochukuliwa na Waingereza, walimwachia kijisanduku akitunze. Akakifukia chini ya sakafu ya jikoni, askari wasikione. Alipokuja kukifukua, mchwa walikuwa wamekula sanduku na kijiti pia, kimebaki kioo na udongo. Na ulikuwa wakati wa njaa, watu wanamjia kila siku, wanataka wawekewe Msalaba.

"Nilishindwa kuwaambia hakuna kitu," alisema. "Nikachonga kisanduku kingine, nikatafuta mti ambao mchwa hawauli. Nilikata kwenye msalaba wa kaburi la mwanangu, Gervasi wa kwanza, aliyekufa kwa njaa ile ile. Mapadre wengine walipokuja walikikuta ndani ya kioo, hawakuuliza. Ninyi mnasema masalia. Mimi ndicho kilichonisalia."

Kaka yangu alikuwa amerithi jina la mtoto yule. Kicheko kilimkauka, akautazama mkono wake, ule ulioshika wembe.

Watu wengi walikuwa wanalia, nami nikadhani yamekwisha. Hapo akainuka Mama Skola, mjane wa kijiji cha Matambarale. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Mwalimu, mwanangu aliposhikwa na homa ulikuja na kijiti hiki. Nikasema, Msalaba wa Bwana umo nyumbani mwangu, hospitali ya nini? Nikangoja. Ungeniambia ni mninga, ningembeba mgongoni siku ile ile."

Baba alipiga magoti mbele yake. Mama Skola alimtazama, akapita kando yake, akatoka. Kama alimsamehe, sikuwahi kujua.

Baba aliacha ualimu bila kufukuzwa, akalima ufuta wake. Gervasi ndiye aliyekirudisha kijiti kaburini, akakifunga kwa uzi pale kilipokatwa. Na tangu hapo, mtu akiugua, Baba alikuwa wa kwanza kushika machela kumpeleka hospitali, na sala aliisali njiani.

Kwa hiyo, mwanangu, pima. Mungu hapungui kwa kutazamwa na hadubini. Lakini ukishajua, usisimame mlangoni ukacheka, kwa sababu hujui wembe wako umekwangua msalaba wa nani. Na siku ukiwa wewe ndiye unayeaminiwa, usimfariji mtu kwa uongo, hata kama uongo wenyewe umeukata kwenye kaburi la mwanao. Baba yangu alitupenda kweli, na mtoto wa Mama Skola alikufa kweli. Jioni hii mwombe mama yako radhi kwa ile sauti yako. Hoja yako baki nayo.

Mungu akupe jicho kali na mkono mpole. Na siku utakapougua, akupe watu wa kukubeba upesi mpaka hospitali, na njia nzima wawe wanakuombea. Amina.