Jazi ya Roho na Viatu vya Baba

Du, du, du-du. Hadi leo nausikia mguu wa kushoto wa Baba ukigonga vigae vya jikoni kwetu mtaa wa Al Muraqqabat, ughaibuni kwa Waarabu, huku akikaanga vitunguu, harufu imetanda hadi kwenye lifti. Baba alipiga kinanda katika hoteli ndogo mtaani: mikono juu, na mguu chini kwenye pedali za besi. Alijifunzia kanisani Kakamega, kisha akapenda soul jazz, ambayo yeye aliiita jazi ya roho. Mama alikuwa yaya wa kulala kazini, mtaa wa mbali wa Al Warqa, kwa hiyo mimi nililelewa na jirani yetu Mzanzibari, Bibi Zuwena. “Roho ipi hiyo?” Bibi alimtania Baba. “Ya huruma, au ya choyo?” Baba alicheka tu. “Siku ukija kunisikia utaijua, Bibi.”

Siku yenyewe ilikuja kiangazi kile, joto likiwa limelainisha lami. Meneja mpya alitaka kumsikia Baba kabla ya kuamua juu ya mkataba wake. Akikataa, khalas, yamekwisha, tunarudi Kakamega, nami namwacha Bibi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Baba alikuwa anacheza ugenini. Tena aliamriwa avae viatu vya ngozi, yeye aliyezoea kupiga akiwa na soksi tu. Mimi na Bibi tulikaa nyuma ukumbini, tumeshikana mikono. Mguu ukakanyaga pedali mbili kwa pamoja, kinanda kikakoroma kama ngamia mwenye mafua. Meneja akaangalia saa. Bibi, ambaye kwake hakuna aliyevuka kizingiti na viatu, akainuka. “We mwanangu! Hivyo kwenye roho huingia mtu na viatu? Hebu vua!”

Baba akavua. Besi ikaja polepole, ikapita sakafuni, ikanipanda tumboni, nikaona kama ukumbi mzima umeng'oka na unaelea juu ya mji, na sisi ndani yake. Meneja alipozinduka alicheka. “Yalla, haya, soksi. Ila ziwe nyeusi!”

Tukabaki, nikakulia hapa hapa. Siku hizi Baba anapigia kwaya huko nyumbani Kakamega, nami ni mpokea wageni katika hoteli nyingine, ambako muziki hutoka kwenye spika za darini, haukosei hata mara moja, wala hakuna anayeugeukia. Bado naota nitajifunza kinanda, inshallah. Juzi nikapita hoteli ile ya zamani. Kinanda kimesukumwa pembeni, kimegeuzwa meza ya maua. Hapakuwa na mtu. Nikakishusha chombo cha maua chini, nikafuta duara la maji kilichoacha kwa leso yangu, taratibu, mpaka mbao ikang'aa.