Betri za Wageni

Enzi zetu pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ukitaka kujua nyumba gani ina lori, hukuwa na haja ya kuliona lori lenyewe. Uliangalia nguo za watoto. Asidi ya betri ilikuwa imetoboa kaptula za kaka zangu na sketi zetu wasichana matundu madogo madogo, na mwalimu alikwisha kukata tamaa ya kutuadhibu kwa ajili ya yunifomu. Vijana wa leo wananunua suruali zilizochanika dukani, wanapita barabarani kama watu waliogundua kitu. Sisi tulitobolewa bure, nyumbani, na tukaambiwa tushukuru.

Lori letu lilikuwa kuukuu, la mazutu, yaani dizeli, la kubeba mihogo ya Lubondja na samaki wa Kazimia mpaka Mboko, na Mungu akijalia hata Uvira. Lilitaka betri mbili kwa pamoja. Moja peke yake haikuliamsha. Papa ndiye aliyeliendesha, lakini kuchagua betri ilikuwa kazi ya Mama, kwa sababu betri zilikuja na maboti kutoka ng'ambo pamoja na sabuni na vitenge, na Papa akiingia sokoni wauzaji walifurahi mno. Mama alichagua betri kama alivyochagua samaki, macho kwanza. Macho ya betri ni vile vichwa viwili vya madini ya risasi. Vikiwa na mikwaruzo, hiyo imekwisha kuolewa kwingine, hata kama imepakwa rangi jana. Kisha aliinyanyua, maana betri nyepesi ina njaa ndani. Kisha alifungua vifuniko akachungulia maji. Muuzaji akianza kuapa kwa jina la mama yake, Mama alirudisha vifuniko akaenda kwa mwingine.

"Batri ya muzuri haina lazima ya mutu wa kuiapia," alisema.

Kuzitunza ilikuwa kazi ya Koko, mama yake Papa, tuliyeishi naye. Koko alikuwa amezaa mapacha, Papa na baba yetu mdogo, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumfundisha jinsi ya kulea vitu viwili vilivyofanana. Ukimpa pacha mmoja ndizi, mpe na mwenzake. Ukiongeza maji betri moja, ongeza na nyingine, hata kama imeshiba. Maji yenyewe yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kwa sufuria katikati ya uwanja, si yale ya kutiririka kwenye bati lenye kutu. Mvua ikianza, jirani walikimbia kuanua nguo, sisi tulikimbia kutoa sufuria. Vichwa vikiota unga mweupe, tulivisugua kwa maji ya moto na kuvipaka mawese. Zilipakwa mafuta mara nyingi kuliko sisi.

Kisha vita ikaja, ikaenda, ikaja nyingine iliyokataa kwenda. Sijui tulikombolewa mara ngapi. Kila kundi lilifika kutukomboa kutoka kwa waliotukomboa kabla yake, na kila mkombozi alifika kwa miguu, na mtu aliyefika kwa miguu, kabla hata ya kusalimu vizuri, huulizia lori. Wakilichukua lori, walichukua na dereva wake. Katika vita ya kwanza walimchukua baba mdogo, pacha wa Papa, na lori la bwana mmoja wa Kazimia alilokuwa akiendesha. Lori halikurudi. Baba mdogo naye hakurudi. Koko hakulia mbele yetu, ila tangu siku ile alikuwa akimwita Papa kwa majina yote mawili, lake na la pacha wake.

Ndipo Mama akanunua betri za wageni. Nyumba nyingi zina sahani za wageni, nzuri kuliko za kila siku. Betri za wageni zilikuwa kinyume chake: zilikuwa zimekufa. Alizichagua kwa uangalifu uleule, akitafuta zenye sura ya heshima na tumbo tupu. Hizo ndizo zilizokaa ndani ya lori. Zile nzima zililala chini ya kitanda cha wazazi, juu ya ubao, nyuma ya gunia la unga, na zilirudi kwenye lori siku ya soko tu, barabara ikiwa shwari.

Komanda akifika, Papa alipanda kwa utii kabisa, akazungusha ufunguo. Lori likasema "tk".

"Batri imekufa, komanda," alisema Papa kwa uso wa msiba. "Tunangojea boti ya ng'ambo, labda italeta ingine."

Makomanda wengine walitoa pole. Mmoja aliahidi kwamba serikali yake ikishaimarika atatuletea mpya. Ninyi mliokulia Baraka mnakumbuka, haikuwa nyumba yetu peke yake. Malori ya mji mzima yaliugua wanajeshi wakifika na kupona siku ya soko, na hakuna komanda aliyewahi kushangaa.

Siku moja Papa na Mama walikwenda matanga Mboko kwa baiskeli. Tulibaki na Koko. Alizitoa betri nzima chini ya kitanda ili apeleke kwa fundi wa kuchaji, yule mwenye jenereta karibu na soko, kama alivyofanya kila mara. Kisha akasimama mbele ya lori akiziangalia zile za wageni.

"Mutoto mugonjwa, banamunyima chakula?" aliuliza. Swali lenyewe halikuwa letu. Akazijaza zote nne maji ya mvua, akamwita mtu wa toroli, na zote nne zikaenda kuchajiwa. Ziliporudi, kila moja ikawekwa mahali pake. Wazazi waliporudi hakuwaambia, maana nani hutoa taarifa kwamba amelisha watoto?

Mekanisie wa leo, fundi wa magari, ataniambia betri iliyokufa haifufuki. Labda zile hazikuwa zimekufa, zilikuwa na njaa tu. Ninachojua ni kwamba kundi lililofuata lilifika asubuhi, komanda akaulizia lori, Papa akapanda na uso wake wa msiba, akazungusha ufunguo, na lori likanguruma mpaka kuku wakaruka. Papa aliganda ameshika usukani kama mtu aliyesalimiwa na marehemu.

"Muzee, kamio yako imepona," alisema komanda.

"Mungu ni mukubwa," alijibu Papa kwa sauti ndogo sana.

Waliondoka naye kuelekea milima ya Lubondja. Koko alikaa kizingitini, sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, ikapoa kwenye sahani. Hakuuliza kosa lilikuwa la nani. Mama naye hakumlaumu. Alimega bugali akamlisha kwa mkono, kama anavyolishwa mtoto, na Koko alimeza bila kutafuna. Tuliogopa sana. Jirani walianza kuja na kukaa kwetu bila sababu, kama matangani, na kwetu kila mtu anajua maana yake.

Kisha asubuhi moja, kati ya bamama waliotoka shamba na mihogo kichwani, tulimwona mwanamume naye amebeba mzigo kichwani, juu ya ngata ya majani. Alikuwa Papa. Mzigo ulikuwa betri. Asidi ilikuwa imemchoma shati mpaka bega lilionekana. Alikuwa ameegesha lori pua ikitazama mlima, mahali ambapo hata kanisa zima lisingeweza kulisukuma, na wakombozi walipoteremka mtoni kuoga, alifungua betri moja akashika njia ya mashambani. Lori tulikuwa tumelipoteza, lakini yeye alikuwepo. Mama alicheka, kisha akalia, kisha akamgombeza kuhusu shati.

Koko alikuja polepole. Aliishika ile betri kwanza, akaipangusa vumbi. Kisha akamshika Papa uso.

"Na mwenzake," aliuliza, "umemuacha na nani?"

Papa alikaa chini palepale, na jirani waliokuja kufurahi wakatazama pembeni.

Wajukuu wa Mama leo wana simu ambazo betri zake zimefungwa ndani, hazifunguki, hazichunguliwi maji, hazina hata macho. Nikiwaeleza habari ya mvua na mawese wananiangalia kwa huruma, wakidhani umaskini ndio uliotusumbua. Simu ikiita, wanaitika palepale kabla ya kujua nani anaita, na wakiambiwa njoo, wanakwenda. Siitamani vita, Mungu atuepushe nayo. Ninachokumbuka kwa hamu ni asubuhi zile wenye bunduki walipomwita baba yangu, lori likasema "tk", wakaenda zao kwa miguu, na sisi tukarudi ndani kunywa chai pamoja naye.