Ubao wa Waliosugua

Ukitaka kumwona Bwana Lenzi akipandwa na mori, mpelekee sarafu ya fedha ya zamani inayong'aa kama sufuria mpya. Ile yenye rangi ya moshi na doa la samawati pembeni ataipokea kwa vidole viwili, akiishika ukingoni kama mtu aliyepewa kifaranga. Lakini iliyosuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya meno, utajuta kutoka nyumbani. Atakuuliza kama una akili timamu. Atakuuliza kama uso wako nao huwa unaupiga msasa ukianza kukunjamana. Akishamaliza maswali, atanyanyua chaki.

Chaki ndiyo iliyouma zaidi. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya duka la fundi saa, na ukutani alitundika ubao mweusi ulioandikwa juu yake: WALIOSUGUA. Chini yake waliorodheshwa wakosaji. Mwalimu wa hesabu. Mke wa fundi bomba. Karani wa posta, mara mbili. Majina hakuandika, maana hata yeye aliogopa kushtakiwa, lakini mtaa ulikuwa mdogo na huyo karani kila mtu alimjua.

Kazi yake ilikuwa kusema sarafu iko katika hali gani na inastahili daraja lipi, kisha kuandika kadi na kutia sahihi. Kadi yake iliaminiwa hata na waliomchukia. Waliotaka kujifunza aliwapa sheria moja: taa kwanza, lenzi pili, mdomo mwisho.

Sarafu aliyoisifu kuliko zote ilikuwa ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa mwashi, alijenga bwawa la umeme kwa miaka minne, na siku ya ufunguzi kila mwashi alipewa sarafu moja ya kumbukumbu: upande huu ukuta wa bwawa na maji, upande ule mtu ameshika sururu. Mzee aliiviringisha kwa flana, akaitia katika kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kabati na kupiga marufuku mtu yeyote asiliguse. Marufuku ile ndiyo iliyomtia mwanawe wazimu wa sarafu. Wateja walishachoka kumsikia akisema fedha isiyoguswa anaijua, kwa kuwa amekulia nayo nyumba moja. Kuiona kwa macho, tangu apate akili, hakuwahi.

Mzee alipokaribia kufa, kopo alimkabidhi binti yake mkubwa, mshona nguo, liwe amana. Hilo lilimkata maini Bwana Lenzi. Mtaalamu yuko hapa, kitu kinapewa cherehani! Kwa miaka kumi na moja kila walipokutana alimsimanga dada yake kwa hilo, kwenye harusi, kwenye misiba, hata wodini siku dada alipojifungua kitinda mimba wake.

Basi ofisi ya bwawa ikatangaza kwamba inatengeneza kabati la kioo la kuwakumbuka waashi, na kila sarafu iletwe na kadi yake. Dada akaja dukani mchana mmoja na kopo ndani ya mkoba, akaliweka mezani bila maneno mengi. Bwana Lenzi alifungua flana mkunjo mmoja mmoja. Aliiweka sarafu juu ya kitambaa cha mahameli, ukuta wa bwawa ukiwa juu, akawasha taa, akaiinamisha kidogo.

Fedha isiyoguswa ukiiinamisha, mwanga huzunguka juu yake kama njiti za gurudumu la baiskeli. Hii haikuzungusha chochote. Uso ulikuwa umekufa, umejaa mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja.

Alimwambia dada yake kwamba ameisugua. Dada akajibu kuwa hata hiyo flana hajawahi kuifungua. Hapo Bwana Lenzi akafunguka yeye. Alimwambia amemuua baba mara ya pili, na kwamba mikono iliyozoea pasi ingebaki kwenye pasi. Amana hiyo, alisema, hata mbwa angeitunza vizuri zaidi. Kisha akashika chaki na, mbele ya macho yake, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kuliko zote: DADA YANGU. Fundi saa, huko mbele, aliweka koleo chini akachungulia ubao.

Dada hakulia. Alivuta kigoda akakaa, pua zimemtanuka kwa hasira.

"Umeiangalia kwa muda gani?" aliuliza. "Mimi ukiniletea gauni lililochanika, sisemi nani kalichana kabla sijaangalia nyuzi. Rudi kwenye taa, wewe mtoto."

Alirudi, ili amkomeshe. Akatia lenzi jichoni. Mkwaruzo mpya kwenye fedha huwa mweupe, na hii yote ilikuwa imeshika rangi ya moshi hadi ndani. Rangi hiyo haiji kwa mwaka wala kumi. Mikwaruzo ilikuwa na miaka arobaini au zaidi, na mwanagenzi wa wiki mbili angeiona.

"Sasa geuza," alisema dada.

Hakuwa ameigeuza. Mtu wa taa kwanza na mdomo mwisho alikuwa amehukumu upande mmoja! Aliigeuza, na mwanga ukazunguka juu ya mtu wa sururu, mzima, kama siku ilipotoka kiwandani.

"Ulikuwa na miaka mitano," dada alisema. "Majivu ya jikoni na kipande cha gunia. Ulitaka baba akirudi aikute inawaka. Akakukuta umemaliza upande mmoja, ukamwonyesha huku unacheka. Akakwambia, umefanya vizuri, mwanangu. Akaichukua, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Na kopo alinipa mimi ili usije ukaitazama na hilo dude lako jichoni. Miaka kumi na moja unanitukana nimenyamaza. Ningeweza kuipeleka kwa mwingine. Nilidhani umeshakua."

Bwana Lenzi aliona hasira ikimpanda upya na haina pa kwenda. Alimkasirikia baba yake kwa wema ule, akajichukia mwenyewe zaidi. Aliandika kadi, kwa mwandiko mbaya: upande wa ukuta umesuguliwa, upande wa pili daraja la kwanza. Akatia sahihi. Kisha akafuta maneno ubaoni kwa kiganja.

"Nimeshasoma," alisema dada. "Na fundi saa kasoma. Andika mkosaji wa kweli. Herufi zilezile."

Aliandika MWENYE LENZI, polepole. Dada alisimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho.

"Ongeza umri."

Hakuweza. Alibaki ameinua mkono, chaki haijagusa ubao. Dada alimnyang'anya chaki, uso bado umekunjamana kwa hasira, akaandika mwenyewe pembeni: miaka mitano. Akachukua kopo na kadi, akatoka bila kuaga.