Pumba za Tanuru la Nne

Beatus alinikuta nimesimama mbele ya matofali elfu nne yaliyorudi kuwa tope. Ilikuwa Desemba, mvua imepiga siku tatu mfululizo, na vijana walionifyatulia walikuwa wameshatoweka tangu Oktoba, mmoja kafiwa, mwingine kaenda kulima, wa tatu sikumwuliza. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, na matofali niliyataka kwa vyumba vya kupangisha nyuma ya mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unatafuta kazi umechelewa. Ona mwenyewe."

Akachuchumaa, akabonyeza tofali moja kwa kidole gumba. Kidole kikazama. "Hawa walianza vibaya," akasema.

"Walianza vizuri sana. Kumaliza ndiko kuliwashinda."

"Hapana, mama. Walianzia kwenye udongo. Tanuru linaanzia kwenye pumba." Akaonyesha lundo la pumba za mpunga pembeni ya mashine, limelowa chapachapa. "Moto wako ulikuwa umelala hapo miezi yote, na hakuna aliyeusogeza. Tofali lisilochomwa ni tope lililonyooka tu."

Nikamwambia arudi kiangazi. Akarudi Juni, wiki ya kwanza, na kibao chake cha kufyatulia kimefungwa nyuma ya baiskeli.

Mimi silipi kwa kila tofali. Ukilipa kwa tofali mtu anafyatua mpaka achoke, kisha tanuru linakosa mwenyewe. Nikamwambia nitalipa kwa kila tanuru lililochomwa na kupoa. Akakubali upesi mno, na mtu akikubali upesi ujue kuna kingine anachokitaka. Nikamwachia nafasi akiseme.

"Na pumba, mama. Trela mbili. Nimefyatua matofali yangu kule Kisawasawa, nataka nyumba. Tunaishi kwenye ya miti na udongo tangu nimwoe Stefania."

Wakati ule pumba nilikuwa nawalipa watu wazizoe wakazitupe. Ningeweza kumwambia achukue siku hiyohiyo. Lakini nimekaa kwenye mashine miaka ishirini, na najua kitu ambacho mtu hajakipata ndicho kinachomrudisha asubuhi. Nikamwambia, "Utazichukua ukimaliza tanuru langu la tatu."

Akatazama lile lundo kidogo. Akasema sawa.

Kazi yake nimeiangalia kwa karibu kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumlipa. Kwanza alihamisha pumba zangu, akazipanga pale tanuru litakapokaa na kuzifunika turubai, kabla hajapiga jembe hata moja kwenye udongo. Kila jioni, mgongo ukiwa umeshachoka, alikanda tope la kesho na kulifunika kwa majani ya migomba. Nikamwuliza kwa nini asikande asubuhi akiwa na nguvu.

"Asubuhi nina nguvu za kutafuta sababu pia," akasema. "Tope likishakandwa halinisubiri. Nikichelewa linakauka, kazi ya jana imekwenda bure. Kwa hiyo naamka."

Kabla ya chai alifyatua kumi, si zaidi. Hata siku aliyoamka na homa alifyatua kumi, akakaa. Siku hiyo nilimwona akinyanyuka tena baada ya chai na kuendelea mpaka mchana. Nikamtania: "Wewe ni fundi au katekista? Kila kitu kwako kina saa yake."

"Katekista anapumzika Jumatatu, mama."

Na hakuanza tanuru la pili mpaka la kwanza limepoa na kupangwa pembeni. Mwenye duka jirani alimwita mara mbili amwanzie lake, akakataa. Alisema matanuru mawili yaliyofika nusu hayatengenezi tanuru moja. Jumamosi jioni alipanda gari kwenda Kisawasawa kusali na mkewe, Jumatatu saa moja yupo.

La tatu lilipoa mwishoni mwa Septemba. Akaja amenawa, amevaa shati safi.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya zile pumba. Matofali yangu yameshakauka, Stefania ameyafunika nyasi. Nimeshaongea na mtu wa trekta."

Matofali ya vyumba sita nilikuwa nimeshayapata kwa matanuru yale matatu. Lakini nilimtazama nikaona fundi ambaye sitampata tena akishajenga kwake. Nikasema, "Nimefikiria stoo. Nifyatulie la nne, kisha ubebe zote pamoja."

"Tulisema la tatu, mama."

"Tulisema. Wiki nne tu, Beatus. Mvua iko mbali."

Akajifuta mikono iliyokuwa haina kitu. Angeweza kuleta trekta siku ile akapakia; nisingeweza kumzuia mbele ya watu. Badala yake akaenda kukanda tope la kesho.

Katikati ya Oktoba akaja mtu na Fuso akitafuta pumba, anachoma matofali ya mradi fulani, na analipa. Mara ya kwanza mtu kunilipa ili abebe takataka. Niliacha za tanuru la nne, zile zilizokuwa chini ya turubai, nikauza zilizobaki zote. Nilijiambia mashine haikosi pumba, zitajaa tena. Ila Oktoba wakulima wameshauza mpunga wao. Mashine ilikuwa inanguruma siku moja kwa wiki, na siku yenyewe nusu.

La nne lilipopoa, Beatus alikuta pumba za kujaza toroli. Hakugombana. Aliokota chache kwenye kiganja, akazipuliza, akaniomba ujira wake. Nikampa kamili. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha bonde zima.

Mwezi wa tano nilimfuata Kisawasawa. Mwenye duka alikuwa tayari anatafuta matofali ya ukuta wa kiwanja chake, nami sikutaka amchukue Beatus. Stefania alinipokea kwa heshima zote, akanitolea kigoda. "Karibu mama, kaa hapo. Hapo ndipo ilikuwa iwe sebule." Pembeni palikuwa na kichuguu kirefu cha udongo mwekundu, majani yameota juu yake. Ukitazama vizuri bado ungeona mistari ya matofali.

Beatus akatoka ndani. Nikamwambia msimu huu trela tatu, si mbili.

"Ziko wapi?"

"Zitakuwepo, mavuno yakianza."

Akacheka, bila ubaya. "Mama, mimi ndiye niliyekwambia tanuru linaanzia wapi. Mwaka jana nikaanzia kwenye maneno." Akasema ameshakubaliana na mwenye duka. Pumba zake ameshaletewa na mwenye duka, zilikuwa nyuma ya nyumba, zimefunikwa turubai. Lakini matofali ya kuchoma hana. Miezi yote ya kiangazi atakuwa Ifakara akifyatua ya mwenzake, na yake yatasubiri mwaka mwingine.

Hapo nikaona biashara. Matofali ya tanuru la nne bado yamepangwa nyuma ya mashine yangu. Stoo sijaianza mpaka leo. Nikamtajia bei.

"Nikanunue matofali niliyofyatua mwenyewe?"

Nikashusha. Akatikisa kichwa. Nikashusha tena, chini ya bei ambayo ningempa mtu mwingine yeyote. Stefania akaja kuchukua kigoda, akaniuliza kwa upole kama gari la kurudi Ifakara nimelipanga au nitasimama barabarani.

Vyumba vyangu sita vina wapangaji. Siku hizi jioni kabla sijafunga mashine naacha gunia la kesho limeshafunguliwa mdomoni, na asubuhi naanza. Beatus anapita barabarani kila Jumatatu saa moja kwenda kwa mwenye duka, kibao nyuma ya baiskeli. "Shikamoo, mama," anasema, na hapunguzi mwendo.