Mkwe Aliwekwa Mwisho, Mimi Mkoroshoni

Mjukuu wangu nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Nimemsuka, nimemsomesha kwa vitumbua, nimemkesha kwa surua. Leo ni mwalimu hapa Bagamoyo, akipita watu wanageuka. Kwa hiyo alipotuita watu wa kujitolea pale kwenye bustani ya miti, njia ya Kaole, sikuuliza nitakaa wapi. Nilijua pangu ni mwisho, pale pa kupokea washindi.

Ulikuwa mchezo wa kukimbia na ramani na dira. Vijana wanatafuta vituo vilivyofichwa mitini, kila kituo wanagongewa muhuri kwenye kadi, na anayetangulia kufika mwisho na mihuri yote ndiye mshindi. Hapo mwisho palikuwa na turubai, kiti chenye mto, na fulana ya kijani yenye maandishi. Kavalishwa nani? Mama mkwe wa binti yangu, yaani bibi yake mtoto wa upande wa baba, aliyeingia asubuhi ile kutoka Mlingotini ananukia udi kama bi harusi. Mtoto alipougua surua, huyo alituma salamu. Mimi nikapelekwa ndani huko, chini ya mkorosho, mimi na siafu wangu.

"Bibi, wewe gonga muhuri tu," mjukuu akaniambia. "Usiwasemeshe, wana haraka."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Basi ungeweka jiwe."

Akacheka, akarudi mbio kumwekea mwenzangu mto vizuri. Roho iliniuma, nikajikaza.

Nilikuwa nimebeba ndoo ya vitumbua na chupa ya chai ya tangawizi, vyote nilivyoviandaa kwa ajili ya turubai lile. Nikatandika mkeka hapo hapo nilipotupwa.

Kijana wa kwanza akaja anahema, akaninyooshea kadi usoni kama anadai nauli.

"Kwani tumelala chumba kimoja?" nikamwuliza.

"Shikamoo, bibi. Naomba muhuri."

"Marahaba. Mama hajambo? Baba je? Kaa, ule kimoja. Hapa kwangu mtu hapiti na njaa."

Angefanyaje? Amwambie bibi mtu mzima hapana? Akakaa. Wa pili akamkuta anatafuna, naye akakaa. Waliofuata hawakuhitaji hata kukaribishwa. Mkeka ukajaa, wengine wakaegemea shina, vicheko tele. Muhuri nilikuwa nimeukalia. Nikajisemea, haya, yule na turubai lake apokee upepo.

Kumbe huko mwisho walisubiri mpaka wakachoka. Mara nikawaona wanakuja wote wawili, mjukuu mbele na filimbi yake shingoni, mwenzangu nyuma anachechemea.

"Eh, mkwe! Umefungua hoteli?"

"Karibu, mkwe. Wamefika wangapi huko kwako?"

Mjukuu hakucheka. "Bibi, umeniharibia. Wiki nzima nahangaika, bibi!"

Aliyemjibu akawa mkwe.

"Usimkaripie bibi yako," akasema. "Si wote wako hapa? Mihuri ya mwanzo ifute, waanze upya hapa hapa, wote pamoja. Tena wameshiba."

Mtoto akamrukia shingoni. Akamkumbatia yeye, mbele yangu, mbele ya ndoo yangu. Afadhali wangenitukana wote wawili.

Filimbi ikalia, vijana wakatawanyika na ramani zao, mjukuu akawafuata. Mwenzangu akajitupa mkekani, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Huko mwisho nani yupo?" nikamwuliza.

"Hakuna mtu. Ngoja nipumue kidogo, nitarudi."

"Pumzika, mkwe wangu. Nitakwenda mimi."

Akanitazama, akachukua kitumbua. "Nenda. Ila sukari umebania."

Niliondoka kama naitwa. Nikakaa kwenye kile kiti. Mto ulikuwa bado na joto lake, nikaugeuza. Wa kwanza alipotokeza mitini nilisimama nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka, na wa pili, na wa tatu, kila mmoja nikampokea kwa mikono miwili.

Mjukuu akaja nyuma yao, jasho linamtiririka, uso umemkunjuka. Akaangalia kiti, akaangalia ndani ya turubai.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu ya kumgusa.

"Bibi yupi?" nikamwuliza.