Garufalia Nje ya Uzio

Garufalia alizeeka bila kumsalimia Stamatis, mlinzi wa magofu. Zamani walikuwa makumbari: Garufalia ndiye aliyemsimamia binti wa Stamatis kwenye ubatizo, na kwao undugu wa namna hiyo hupita ule wa damu.

Mambo yaliharibika mwaka ambao Anestis, mume wa Garufalia, alianguka kutoka juu ya mzeituni akapooza miguu. Kijiji kizima kilijua la kufanya. Mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Waganga, wale waponyao wagonjwa, mgonjwa hulazwa sakafuni katika kanisa lao dogo bondeni. Mama yake Garufalia alilazwa pale na homa, akaamka mzima. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamelibomoa kanisa ili walifikie hekalu la kale la uponyaji lililokuwa chini yake, kisha wakazungushia uzio.

Alasiri ya mkesha, kwa msaada wa majirani, Garufalia alimfunga mumewe juu ya punda, akashuka naye hadi langoni. Ndani, wageni walikuwa wakielezwa kwamba wagonjwa wa kale walilala pale wakimngoja mungu wao ndotoni. Mmoja alijinyoosha juu ya mawe akajifanya anakoroma. Wenzake wakampiga picha.

"Yule mbona amelala?" Garufalia aliuliza.

"Anacheza tu, kumbari."

"Basi na sisi tumekuja kucheza. Fungua."

Stamatis alijitetea kwamba kanisa halipo tena, na kwamba akifungua atafukuzwa kazi, naye ana mabinti wa kuozesha.

"Mmoja nilimtoa kwenye maji ya ubatizo kwa mikono hii."

"Najua."

"Unajua, na bado umesimama."

"Turudi, mke wangu," Anestis akasema juu ya punda. "Unanianika kama tumbaku."

Hakurudi. Alitandika blanketi barabarani, akamlaza mumewe kichwa kikigusa waya.

Asubuhi Stamatis alikuja na mkate wa moto, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna nafuu. Anestis alijaribu, hata kidole cha mguu hakikutikisika. Garufalia aliupokea mkate, akamlisha punda.

Stamatis akainama kumbeba mgonjwa.

"Usimguse," Garufalia akasema. "Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumbeba."

Peke yake hakuweza kumpandisha. Basi wakakaa pale juani, Anestis kafumba macho, wakingoja jirani yeyote apite. Na Stamatis amesimama kando yao, mikono mitupu, hadi jua likafika utosini.